Baga
Katika mtaa wa Avondale, Chicago, ipo baa iliyofunguliwa 2005 ambako roki nzito hupigwa kwa sauti ya juu na baga hupewa majina ya bendi. Ile iitwayo Slayer haina mkate: nyama hulazwa juu ya rundo la chipsi. Je, bado ni baga? Naam, tena baga halali. Neno hili halikuzaliwa na mkate. Limetoka Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani; Wamarekani wakalikata kichwa, kana kwamba "ham", nyama ya nguruwe, ilikuwa kiungo. Katika kilichobaki, "burger", limo "burg", ambalo kwa Kijerumani ni ngome. Kwetu, katika wingi, wapo wasemao mabaga haya. Mimi nashikilia baga hizi, kama soda na chapati zilizotangulia mezani.