Litowa, kabla ya malori

Watoto wetu waliozaliwa hapa Toronto wakisikia neno ujamaa, mara nyingi husikia habari za malori. Mama yangu naye huanzia hapo: mwaka 1974, Operesheni Vijiji, vyombo vinapakiwa, nyumba inaachwa. Hayo ni kweli. Lakini kabla ya malori kulikuwa na Litowa, na hiyo hatuwasimulii.

Mwaka 1960, wilayani Songea, vijana wachache wa TANU, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kulima pamoja. Mara ya kwanza njaa iliwatoa. Mwaka uliofuata, mwaka wetu wa Uhuru, wakarudi. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hata vikafikia kama 17. Walikuwa na mshauri Mwingereza, Ralph Ibbott, lakini waamuzi walikuwa wenyewe.

Waliamua mkutanoni. Kazi za shamba, mgawanyo wa mavuno, mashine ya kusaga, yote yalijadiliwa na wanakijiji. Shule yao, chini ya Mwalimu Suleman Toroka, iliwafundisha watoto kwa ajili ya maisha ya kijijini, jembe likiwa sehemu ya masomo, kabla Nyerere hajatoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967.

Mikutano ya namna hiyo naifahamu kidogo. Hapa mjini naishi kwenye nyumba za ushirika, na mwaka jana tulibishana jioni tatu juu ya kutengeneza paa. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba, nikatamani mtu mmoja aamue tu twende tukalale. Litowa walivumilia hivyo miaka, na kesho yake alfajiri wakaenda shambani.

Nyerere aliwaunga mkono. Wakubwa wengi wa chama hawakuwapenda: watu waliozoea kujiamulia hawangojei amri ya mkoa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao. Mali ikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Kijiji cha Matetereka kiliendelea kulima pamoja miaka mingi baadaye, bila chama.

Malori yalikuja baada ya hapo.

Nilimsimulia mama haya kwenye simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hao walikwenda wenyewe?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Kwa miguu yao."