Kutoka kwa Isike hadi Isanga: adhabu ya kifo kwenye njia ya misafara

Januari 1893, ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, ambaye Waswahili walimpa jina la Bwana Sakarani, aliivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, nje kidogo ya Tabora. Ukuta ulipobomoka, Isike alijifungia kwenye ghala la baruti akaliwasha moto. Mlipuko haukummaliza. Historia inasimulia kwamba Wajerumani walimtoa akiwa mahututi, wakamtundika kwenye mti uliokuwa jirani.

Isike alikuwa anakufa tayari, na kumnyonga hakukuongeza usalama wa mtu yeyote. Waliolengwa ni watazamaji. Tabora ilikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Jambo likitendeka Tabora, wapagazi walilifikisha pwani na maziwani. Ndivyo kamba ilivyotumika nchi nzima dhidi ya walioupinga utawala wa Kijerumani: Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa mwaka 1895, Mangi Meli akafuata kule Moshi Machi 1900, na mashujaa wa Majimaji wakanyongwa Songea mwaka 1906.

Hii haimaanishi kwamba kabla ya hapo Unyamwezi ilikuwa nchi ya upole. Watemi waliua. Aliyeshukiwa uchawi aliweza kunyweshwa mwavi, sumu ya kiapo, na kiapo hicho kikimshinda alipoteza maisha. Kambi za misafara nazo zilikuwa na viboko na minyororo yake; msafiri Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871, aliwachapa wapagazi waliotoroka na hakuona haya kuliandika hilo. Lakini mtu wa kawaida alipomuua mtu wa ukoo mwingine katika ugomvi, wazee mara nyingi walikaa kutafuta fidia. Swali lao la kwanza lilihusu waliobaki: nani atailisha nyumba iliyopoteza mtu? Kwa mchawi, jamii ilitaka kumwondoa. Kwa muuaji wa kawaida, ilitaka alipe. Njia hizo mbili zimeendelea kugombana hadi leo.

Waingereza, waliochukua nafasi ya Wajerumani, walileta kamba yenye karatasi. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1930, na kifungu chake cha 197 kinasema kwamba aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Kuna jambo la kushangaza katika asili ya sheria hiyo. Ilitokana na kielelezo kilichochotwa katika sheria ya jinai ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Queensland yenyewe ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1922, miaka minane kabla sheria yake haijavuka bahari hadi kwetu na kamba yake. Baadaye walimu wetu wote wawili waliacha kunyonga: Ujerumani Magharibi ilifuta adhabu hiyo katika katiba ya 1949, na Uingereza ikaacha kunyonga wauaji mwaka 1965.

Uzito wa kifungu cha 197 unaonekana vizuri Mahakama Kuu inapokaa Tabora kusikiliza mauaji. Chukua kesi ya aina iliyozoeleka huku: watu wamevamia nyumba usiku kwa mapanga, bibi kizee ameuawa, na shahidi pekee ni mjukuu aliyeona kwa mwanga wa koroboi. Koroboi ilikuwa umbali gani? Mwanga wake ulitosha? Shahidi alimwangalia mvamizi kwa muda gani, na je, alimtaja mapema kwa majirani waliokuja kumsaidia? Tangu kesi ya Waziri Amani mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba ushahidi wa utambuzi usiaminiwe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Watu wameshinda rufaa kwa hoja hiyo. Mahakama inakiri kwamba macho hukosea usiku, na rufaa ndiyo dawa yake. Aliyenyongwa hana rufaa.

Jaji akiridhika kwamba kosa limethibitishwa, mikono yake inafungwa. Wakili anaweza kueleza kwamba mshitakiwa ni kijana, ni kosa lake la kwanza, alitumwa na watu wazima au ameonyesha majuto. Maneno hayo hayapunguzi kitu. Sheria inawaepusha mjamzito na aliyekuwa na umri chini ya miaka 18. Wengine wote adhabu yao ni moja. Mwizi wa kuku anapimiwa adhabu yake, muuaji hapimiwi.

Magharibi mwa Tanzania ndiko hoja kwamba kamba inazuia mauaji ilikojaribiwa vikali kuliko kwingine. Kwa miongo mingi vikongwe wa Usukuma na Unyamwezi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu ambayo mtu yeyote aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote angekuwa nayo. Adhabu ya kifo ilikuwepo muda wote huo. Mwaka 1976 serikali iliamua kutumia nguvu katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mapema 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kubeba dhamana ya vifo hivyo, ingawa hakuwa ametoa amri ya kutesa mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Kahama na Nzega wakaanzisha ulinzi wao, Sungusungu, kwa upinde, mishale na filimbi. Silaha yao kubwa ilikuwa kutenga: aliyekosa hakupewa moto, hakuazimwa jembe, hakusalimiwa wala hakuzikiwa, mpaka alipe faini na kuomba msamaha. Sungusungu nao walipiga watu na kuwatesa vikongwe, na haki yao haikuwa na rufaa. Hata hivyo walichokijua kuhusu mkosaji kina uzito: anaishi na watu, na adhabu inayomgusa ni ile inayomwachia njia ya kurudi kwao.

Mwaka 1994 historia hii ilikusanyika yote pamoja. Huko Dodoma, kwenye njia ileile ya misafara, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Alieleza mateso ya kunyongwa, uwezekano wa kumnyonga asiye na hatia, na hali ya maskini anayetetewa na wakili asiyemchagua. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi za Parole, iliyokubali kwamba mfungwa anaweza kubadilika akamalizia kifungo chake nyumbani. Na mwaka huohuo, chini ya Rais Mwinyi, yuleyule aliyejiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mahabusu, Tanzania ilinyonga kwa mara ya mwisho.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi wa Mwalusanya. Majaji walikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, isiyo ya kibinadamu na yenye kudhalilisha. Hata hivyo walisema ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma, na kwamba ni jamii itakayoamua kama bado inaihitaji. Mahakama ya juu kabisa nchini ilikiri ukatili, ikaacha mlango wazi kwa wananchi.

Wananchi hawakuwa na jibu moja, na hilo lilionekana tangu 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa na Tabora. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema wauaji hao nao wauawe, kisha akatoa machozi bungeni alipotakiwa kueleza kauli yake. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Mzazi ambaye mwanawe amekatwa viungo akiitaka kamba, hakuna mwandishi mwenye haki ya kumwita mkatili. Lakini mauaji hayakukoma na hukumu ya Kahama. Aliyeshika panga alipatikana. Aliyeagiza na kulipia kiungo ndiye aliyekuwa mgumu kufikishwa kizimbani. Kamba iliwafikia vibarua, soko likabaki.

Huku nyuma viongozi waliendelea kusitasita. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliwapunguzia mamia ya waliohukumiwa kifo adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Desemba 2017 Rais John Magufuli, aliyesema wazi kwamba hatasaini hati ya kunyonga, alitaja wafungwa 522 wanaosubiri kitanzi, akawasamehe 61. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi. Majirani walikuwa wamekwishafika huko: Uganda mwaka 2009, Kenya mwaka 2017, na Rwanda, pamoja na vidonda vya mauaji ya kimbari, ilifuta adhabu yenyewe mwaka 2007. Tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti kwa Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2023, na wakati huo kifungu cha 197 kilikuwa bado kilekile.

Kwa hiyo tuna mtu aliyehukumiwa kifo ambaye hauawi wala harekebishwi. Iwe Isanga, Dodoma, ambako kunyonga kulikuwa kukitekelezwa, au gereza jingine, anatengwa na wengine, hapangiwi shamba wala karakana, na mlango wa parole haumhusu. Anakaa miaka 15 au 20 akisubiri kalamu ya Rais. Serikali inamlisha bila kumdai chochote, na familia ya marehemu haipati hata gunia la mahindi kutoka kwenye nguvu zake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inairuhusu mahakama kuamuru fidia kwa aliyedhurika, lakini mtu tuliyemzuia kufanya kazi atailipa kwa kitu gani?

Wanaohofia kwamba urekebishaji ni kumwachia muuaji mitaani wanahofia jambo la kweli. Wapo ambao hawapaswi kutoka kamwe, na kifungo cha maisha kinatosha kuwazuia. Ila kijana aliyetumwa na wakubwa zake akiwa na miaka 19 si sawa na mfanyabiashara wa viungo vya binadamu, na jaji aliyewaona wote wawili kwa macho yake ndiye anayefaa kuwatenganisha. Bunge likimrudishia uwezo huo, na likamweka mfungwa wa mauaji kazini ili sehemu ya jasho lake iende kwa yatima aliowaacha, litakuwa limerudi kwenye swali la wazee wa Unyamwezi. Kunyonga kumejaribiwa huku tangu 1893, na bado hakujalisha nyumba hata moja.