Ungo wa Futi Sita: Televisheni ya Bure Kutoka Unguja Hadi Kilosa na Mikumi



Msimu wa harusi ukifika, kuanzia Mfunguo Mosi na kuendelea, maswali ya mabibi harusi wanaoolewa bara huwa hayaishi. Mara hii limekuja la mwari anayehamia Mikumi. Mume ana kazi, lakini si mtu wa mshahara mkubwa, na bi harusi anataka kujua kama nyumbani kwake ataweza kuona taraweh za Makka na taarifa ya habari bila ya kununua kifurushi kila mwezi. Jawabu fupi ni ndiyo, ataweza. Jawabu refu ni historia, na mimi napenda majawabu marefu.

Sisi watu wa visiwani tulitangulia katika jambo hili. Televisheni Zanzibar ilianza Januari 1974, katika kuadhimisha miaka kumi ya Mapinduzi, na ilianza na picha za rangi wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazina televisheni kabisa, au zina ya picha nyeusi na nyeupe. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni anasa kwa nchi maskini. Ikapita miaka ishirini. ITV ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikachelewa zaidi ya hapo. Katikati ya miaka hiyo watu wa pwani ya Dar walikuwa wakisimamisha antena ndefu kuelekea Unguja ili waipate TVZ kwa chenga na bahati. Sisi ndio tuliokuwa tukionwa bure.

Kilosa haikuwa na bahati hiyo, na sababu ni milima. Mji uko kwenye bonde la mto Mkondoa, na safu za Ukaguru na Rubeho zimeukumbatia. Ndiyo njia ile ile waliyopita misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19, misafara iliyokuwa na wafanyabiashara na wapagazi waliohusiana na Unguja kwa mkopo, kwa nguo na kwa dini. Uislamu ulipanda bara kwa njia kama hiyo kabla ya reli ya Wajerumani kufika. Mtu mwenye miguu hupita bondeni, lakini mawimbi ya televisheni yanataka njia iliyonyooka na iliyo wazi kutoka mnara hadi antena. Mlima mmoja tu katikati unatosha kukuachia chenga.

Kuna jambo jengine katika habari hii ambalo hunifanya nitabasamu kila nikilikumbuka. Kusini ya Mikumi, kwenye mto Ruaha Mkuu, kuna bwawa la Kidatu, na mitambo yake ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Mwaka 1980 waya wa chini ya bahari ukaufikisha umeme wa gridi ya bara Unguja. Kwa hiyo sehemu ya umeme uliowasha televisheni zetu za Vuga na Michenzani ulitoka kwenye maji ya upande ule wa Mikumi, na huku vijiji vingi vya jirani na bwawa vikiwasha vibatari. Walitupa umeme, na picha hawakuwa nazo. Mwishoni mwa 2009 mambo yalikuwa magumu pande zote mbili kwa pamoja: Disemba ile waya wetu uliharibika na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu, na wiki hizo hizo Mkondoa ukafurika, ukavunja reli na kuwahamisha maelfu ya watu wa Kilosa.

Basi picha iliwafikaje watu wa bondeni? Ilitoka juu.

Jumuiya ya nchi za Kiarabu ilianzisha shirika la Arabsat mwaka 1976, makao yake Riyadh. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1985, na ya pili Juni mwaka huo huo, ikiwa ndani ya chombo cha Marekani kilichoitwa Discovery. Ndani ya chombo hicho alikuwamo Sultan bin Salman, mwana wa mfalme wa Saudia, na ndiye Muislamu wa kwanza kwenda anga za juu. Ramadhani ya mwaka 1405 ilikuwa inamalizika. Wengi wetu tunamjua kwa masuala ya kufunga na kusali akiwa angani, lakini kazi iliyowapeleka ilikuwa na uhusiano na sebule zetu: walikwenda kukiachia chombo cha kubebea simu na televisheni.

Baada ya hapo chaneli zikamiminika. MBC ilianza London mwaka 1991, ikarushwa wazi kwa ulimwengu wa Kiarabu. Al Jazeera ikafuata 1996. Misri ikarusha Nilesat yake mwaka 1998, na mwaka huo huo ikaja chaneli ya dini ya Iqraa. Nyingi ya hizi zilirushwa bila ya kufungwa, kwa sababu anayelipa alikuwa ni serikali, tajiri au mtangazaji wa biashara, na mtazamaji hakudaiwa chochote. Hiyo ndiyo maana ya chaneli ya bure ya setilaiti. Hakuna ujanja ndani yake. Mwenyewe ameirusha wazi makusudi, kama mtu aliyetoa maji ya sabili barazani kwake.

Setilaiti hizi hukaa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 35,786 kutoka ardhini, na huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo ukiitazama kutoka kwako ni kama imesimama pahala pamoja. Milima ya Rubeho haina la kuzuia hapo. Na sisi watu wa Afrika Mashariki tunakaa karibu na ikweta, kwa hiyo maungo yetu hutazama juu sana. Kilosa iko karibu na nyuzi 37 mashariki, basi ungo wa setilaiti iliyoko nyuzi 36, ile wanayoitumia DStv, unakaribia kutazama utosini. Wa Azam, ulioko nyuzi 7 mashariki, unageukia machweo. Tukiwa hapo hapo, faida ndogo kwa mgeni: kibla cha Kilosa na Mikumi ni kaskazini, kama chetu cha Unguja. Ukifika nyumba ya watu na unaona haya kuuliza, simama utazame upande unaotazamwa na ungo wa Azam. Kibla kitakuwa mkono wako wa kulia.

Neno lenyewe, ungo, sisi wanawake tulikuwa nalo jikoni kabla ya mafundi kulichukua. Maungo ya mwanzo yalikuwa makubwa, futi sita, futi nane, mengine ya wavu, na kwa ukubwa wake mengi yalisimamishwa chini uani kwenye nguzo ya chuma. Yalikuwa ya mawimbi ya C. Vituo vya Dar es Salaam vilipoanza kupandisha matangazo yao kwenye setilaiti, mtu wa Kilosa mwenye ungo wa futi sita, risiva na betri ya gari aliweza kuona taarifa ya habari ya saa mbili usiku sawasawa na mtu wa Kariakoo. Kifaa kilikuwa ghali, na ndiyo maana mara nyingi ungo mmoja ulikusanya mtaa mzima. Lakini ukishanunua umenunua. Hakuna aliyekupigia hodi mwisho wa mwezi.

Halafu ikaja 2012. Nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba televisheni za zamani za analojia zizimwe ifikapo Juni 2015, na Tanzania ikaamua kutangulia. Usiku wa tarehe 31 Disemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na miji mengine ikafuata kwa zamu. Hapo ndipo neno king'amuzi lilipoingia kila nyumba. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisema chaneli tano za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zitazamwe bila ya malipo ya mwezi kwenye ving'amuzi vya minara. Mwaka uliofuata, Disemba 2013, ikaanza Azam TV ya kampuni za Said Salim Bakhresa, mtoto wa Unguja, ikiwa na ungo mdogo ambao mtu anaubeba kwapani. Kwa watu wa mabondeni ule ungo mdogo ulikuwa faraja kubwa, kwani minara ya dijitali nayo ilianzia mijini na milima haikuhama.

Mvutano ulikuja Agosti 2018. TCRA iliwaamuru wenye leseni za kulipia kwa setilaiti, yaani Azam, DStv na Zuku, waziondoe chaneli za ndani ambazo sheria inataka zionwe bure, kwa hoja kwamba leseni zao haziwaruhusu kuzibeba. Kisheria hoja ilikuwa na mantiki: kwa nini mtu alipie kitu cha bure? Lakini angalia ilivyomkuta mtu wa bondeni. Wa mjini Morogoro alikuwa na njia ya kuchukua king'amuzi cha mnara na kuendelea. Mtu asiyefikiwa na mnara, ambaye ungo ndio njia yake pekee, alibaki na TBC1, na ITV yake ikaondoka, hata kama alikuwa amelipa. Kwa maoni yangu agizo lile lilipimwa kwa macho ya Dar es Salaam. Kuruhusiwa kuona bure hakuna faida kwa mtu ambaye picha haimfikii.

Sasa kwako, bi harusi wa Mikumi.

Nafaka anayokuwajibikia mume ni chakula, mavazi na makaazi kwa kadiri ya uwezo wake. Kifurushi cha televisheni hakimo, shoga yangu, wala usikifanye kiwe sababu ya ugomvi wa mwezi wa kwanza. Tuseme kifurushi ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 120,000, na hizo kwa nyumba changa ni pesa. Ungo wa bure hulipiwa mara moja. Ukitaka chaneli za Makka na Madina, mwambie fundi unataka ungo wa C wa kiasi cha futi sita uelekezwe Arabsat ya nyuzi 20 mashariki. Pale kuna Arabsat 5C, iliyorushwa 2011 na ambayo mawimbi yake ya C yamelengwa Afrika. Chaneli za Saudia za Qur'ani na Sunna, zinazoonyesha misikiti miwili mitukufu moja kwa moja, hurushwa wazi. Saa ya Makka na saa yetu ni moja, kwa hiyo taraweh utaikuta usiku huo huo ukishamaliza yako. Mawimbi ya C yana sifa nyengine ambayo utaishukuru masika ikishika kule: mvua kubwa haiyasumbui kama inavyosumbua ungo mdogo. Na kabla fundi hajashuka, mtake akuandikie masafa aliyotumia kwenye karatasi, maana masafa hubadilika na risiva zikifutika hurudi patupu.

Kisha kuna yule fundi mwengine, anayekuja na maneno matamu kwamba atakufungulia hata chaneli za mpira na filamu zilizofungwa, kwa kuingiza namba za siri au kuunganisha kadi ya mtu kwa intaneti. Hapo tusichanganye. Chaneli iliyorushwa wazi ni halali yako; iliyofungwa ina mwenyewe, na hajakupa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah lilipokutana Kuwait Disemba 1988, katika kikao chake cha tano, liliamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zinazolindwa na sharia, na haifai kuzivamia. Hazikatwi kwa sababu hazishikiki mkononi. Nyumba inayoanza kwa mahari ya halali na akdi mbele ya mashahidi, sioni kwa nini iingizwe wizi kupitia waya wa dirishani.

Nakukumbusha pia kuwa unahamia mkoa wenye watu wake. Islamic Foundation wako hapo hapo Morogoro, na Radio Imaan na TV Imaan ni zao, kwa Kiswahili. Mwambie fundi akutafutie na hiyo, na siku ya kwanza waalike majirani wa kike waje kutazama. Utapata wa kukuonyesha soko liko wapi.