Mhina: Jinsi ya kuutambua na kuukuza

MHINA ni kichaka cha nchi za joto kinachofahamika zaidi kwa rangi ya majani yake kuliko kwa sura yake. Wengi waliopakwa hina harusini au siku ya Idi wangepita kando ya mmea wenyewe bila kuutambua.

Jina lake la kisayansi ni Lawsonia inermis. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni “usio na silaha”, lakini hilo ni kweli kwa mche mchanga tu, kwani mhina uliokomaa huota miiba kwenye ncha za vitawi vyake. Hukua kufikia kimo cha mita 2 hadi 6. Majani yake ni madogo, laini, hayana vinyweleo na huota mawili mawili yakielekeana. Maua ni meupe au ya rangi ya maziwa, mara nyingine yenye wekundu hafifu, nayo huchanua kwa vishada penye ncha za matawi. Kila ua lina petali nne na stameni nane. Harufu yake tamu humfikia mtu kabla hajauona mti. Tunda ni kijidude cha mviringo cha rangi ya kahawia, kilichojaa mbegu ndogo ndogo.

Mhina huweza kudhaniwa kuwa mkomamanga, ambao ni wa ukoo huo huo. Maua huondoa shaka, kwa kuwa ya mkomamanga ni makubwa na mekundu. Iwapo hakuna maua, majani mabichi machache yapondwe kwa maji ya ndimu na kuwekwa kiganjani kwa saa moja au mbili. Yakiacha rangi ya chungwa, huo ni mhina.

Nchini Kenya mmea huu hupandwa sana Pwani, nao humea wenyewe kandokando ya mito katika maeneo makavu. Hupenda jua kali na udongo usiotuamisha maji. Katika baridi ya nyanda za juu, kama vile Limuru, haustawi.

Mbegu zake zina ganda gumu. Hulowekwa kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, kisha humwagwa kitaluni na kufunikwa kwa mchanga mwembamba. Njia rahisi zaidi ni vipandikizi vya unene wa penseli vilivyokatwa kwenye tawi lililokomaa. Mche huhitaji maji mwanzoni. Ukishashika mizizi, hustahimili ukame. Anayetaka ua la kuzunguka boma huipanda miche karibu karibu na kuipogoa mara kwa mara, nayo miiba hufanya kazi iliyobaki. Majani huvunwa kwa kukata matawi, na shina huchipuka upya. Yakaushwe kivulini, maana jua hufifisha rangi.

Aliye na mti wake nyumbani ana faida moja kubwa: anajua alichojipaka. Hina halisi huanza na rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa muda wa siku mbili hivi ikawa ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Haiwi nyeusi tititi. Weusi unaojitokeza kwa dakika chache ni wa piko, ambayo kwa kawaida huwa na kemikali ya kutia nywele rangi iitwayo PPD. Kemikali hiyo huweza kuleta malengelenge na makovu, na mwili ukishaikataa mara moja, huenda ukaikataa maisha yote, hata katika dawa za nywele.

Hata hina safi haifai kupakwa watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana katika maeneo yenye malaria, huweza kuharibikiwa na chembe nyekundu za damu baada ya kupakwa. Akionekana na umanjano machoni, mkojo mweusi au ulegevu, apelekwe hospitalini mara moja, na daktari aelezwe kwamba alipakwa hina.