Eduroam

Eduroam ni huduma ya kimataifa inayomwezesha mwanafunzi, mwalimu au mtafiti kuunganisha kompyuta mpakato au simu yake na mtandao usio na waya wa taasisi yoyote inayoshiriki, akitumia jina la mtumiaji na neno la siri alilopewa na chuo chake mwenyewe. Jina la huduma limefupishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya elimu na kutangatanga. Inapatikana katika nchi zaidi ya 100.

Historia

Mwaka 2002 Klaas Wierenga wa SURFnet, shirika linaloendesha mtandao wa vyuo vya Uholanzi, alipendekeza njia ya kumwondolea mgeni usumbufu wa kuomba ruhusa mpya ya intaneti kila afikapo chuo kingine. Majaribio ya kwanza yalifanyika chini ya shirika la TERENA na kuhusisha taasisi za Uholanzi, Ufini, Ureno, Kroatia na Uingereza. Australia ilijiunga Desemba 2004, ikiwa nchi ya kwanza nje ya Ulaya. Mwaka 2014 TERENA iliungana na DANTE, na shirika lililotokana na muungano huo sasa huitwa GÉANT.

Tofauti na neno la siri la pamoja

Shule nyingi hulinda Wi-Fi yao kwa neno moja la siri linalotumiwa na wote. Njia hii ni rahisi, ila siri inayojulikana na watu mia nne si siri tena. Ikivuja, fundi hana budi kuibadilisha katika kila kifaa. Zaidi ya hayo, katika mtandao wa WPA2 wa namna hiyo, mwenye neno la siri akinasa mawasiliano ya jirani tangu anapojiunga anaweza kuyafumbua.

Shule nyingine huorodhesha anwani ya MAC ya kila kompyuta iliyoruhusiwa. Anwani hiyo huweza kughushiwa, na tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani za kubuni ili mwenyewe asifuatiliwe. Ndiyo sababu kifaa kilichosajiliwa kihalali huweza kukataliwa.

Jinsi inavyofanya kazi

Eduroam hutumia kanuni ya 802.1X pamoja na seva za RADIUS. Tuseme mwanafunzi wa Kenya anafungua kompyuta yake katika chuo cha Uganda. Kituo cha Wi-Fi hakimpi intaneti bado. Kinaruhusu mazungumzo ya utambulisho tu. Seva ya chuo mwenyeji husoma sehemu ya jina iliyo baada ya alama ya @, kwa mfano chuo.ac.ke, ikatambua kwamba huyu ni mgeni, na kupeleka ombi kwenye seva ya taifa. Kutoka hapo ombi hupitishwa hadi Kenya na kufika chuoni kwake. Jibu hurudi kwa njia ileile: akubaliwe au akataliwe.

Neno la siri husafiri likiwa limefichwa hadi chuo cha nyumbani, na chuo mwenyeji hakilioni kamwe. Akikubaliwa, kompyuta yake hupata ufunguo wake peke yake wa kuficha mawasiliano na kituo cha Wi-Fi.

Cheti cha seva

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu yeyote anaweza kuwasha kituo bandia na kukiita eduroam. Kinachomlinda mwanafunzi ni kompyuta yake kukagua cheti cha kidijitali cha seva ya chuo chake kabla ya kutuma lolote. Ushauri unaosikika mara nyingi, kwamba mtu achague tu kutokagua cheti ili aunganike haraka, ni ushauri mbaya: neno hilohilo la siri mara nyingi hufungua pia barua pepe na matokeo ya mitihani. Android 11 ilianza kuondoa chaguo hilo. Njia salama ni kutumia programu ya usanidi iitwayo CAT au geteduroam, ambayo huweka cheti na jina la seva yenyewe, mradi chuo husika kimeingiza taarifa zake humo.

Matatizo ya kawaida

Mtumiaji huandika jina bila @ na sehemu inayofuata. Huenda likakubaliwa chuoni kwake, lakini ugenini halina pa kupelekwa. Wengine hubadilisha neno la siri na kusahau kwamba kompyuta bado inatuma la zamani. Kwenye kompyuta kuukuu, betri ndogo ya saa ikiisha tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na cheti halali huonekana kana kwamba muda wake haujaanza. Kurekebisha tarehe hutosha. Kuunganishwa hakumaanishi kufunguliwa kila tovuti, kwa kuwa mgeni hufuata vizuizi vya chuo mwenyeji.

Afrika ya Mashariki

Katika kila nchi huduma huratibiwa na shirika moja, kwa kawaida lile la mtandao wa elimu na utafiti: KENET nchini Kenya, RENU nchini Uganda na TERNET nchini Tanzania. Taasisi inayotaka kujiunga huwasiliana na shirika la nchi yake, kisha huweka seva ya RADIUS iliyounganishwa na orodha ya wanafunzi na wafanyakazi wake.