Isiyopungua

Kama ulisoma sekondari Kenya, unaijua ile hesabu. Mkulima ana ekari kadhaa, anapanda mahindi x na maharagwe y, jumla isizidi hivi, mapato yasipungue vile. Unachora mstari, unapaka kivuli upande usiotakiwa, unapata maksi. Mimi naona kuchora si shida. Shida ni kusoma sentensi na kujua ni neno lipi linageuka kuwa alama gani.

Hesabu ya aina hiyo iliwahi kuamua nani abaki na shamba huku kwetu Iguhu na Kakamega nzima.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Rizavu ingekuwa yao milele. Ikimegwa kwa matumizi ya umma, lazima kipande kingine kiongezwe, chenye ukubwa sawa na, kadiri iwezekanavyo, thamani sawa. Hebu tuite ardhi unayorudishiwa x na pesa unazolipwa y. Zikichukuliwa ekari 3, x isipungue 3. Y inaweza kuwa sufuri, inaweza kuwa milioni, haisaidii: x ikiwa 2, ahadi imevunjwa. Kwenye grafu huo mstari umesimama wima, haugusi kabisa mhimili wa pesa.

1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu wakamiminika na mahema yao, wengine wakulima walioumizwa na bei mbovu za mazao. Desemba 1932, sheria ambayo haikuwa imemaliza hata miaka mitatu ikarekebishwa: ardhi ya madini ingeweza kutolewa kwenye rizavu bila kuongezwa nyingine, fidia iwe pesa.

Tuseme (nambari ni zangu) ekari moja imewekewa shilingi 20. Sasa hesabu ni 20x + y ≥ 60. Mstari umeinama, na nukta (0, 60), iliyokuwa ndani ya kivuli, imekuwa jibu sahihi. Ekari sufuri, shilingi 60, asante kwaheri.

Ukiangalia haraka utasema si ni ile ile tu, bado kuna “isiyopungua”. La. Ya kwanza ilikataa kuchanganya ardhi na pesa. Ya pili inadai kila ekari ina badala yake, na aliyeandika ile 20 si mwenye migomba wala mwenye makaburi ya babu zake pale.

Kelele zilifika hadi Uingereza. Februari 1933 Askofu Mkuu wa Canterbury aliisema kwenye Bunge la Malordi. Marekebisho yalibaki.

Leo kuna mipango ya mgodi mkubwa Isulu na Bushiangala, humu humu Ikolomani, na watu wanazungumzia tena kuhamishwa. Katiba ya 2010 inataka fidia ya haki, ilipwe yote na kwa haraka. Ukienda kwenye mkutano wa hadhara, kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, uliza kama x imewekewa kiwango chake peke yake, au imeunganishwa na y, na ni nani aliyeandika ile nambari iliyo mbele ya x.