Jina Mara Tisa: Karatasi katika Uganga wa Wamarekani Weusi

Mwaka 1928 Zora Neale Hurston alifika New Orleans kujifunza uganga. Alikuwa msomi wa anthropolojia aliyekulia Eatonville, mji wa watu weusi huko Florida, na hakuridhika kusimama pembeni na daftari lake. Alijitia mikononi mwa waganga, akawa mwanafunzi wao. Miongoni mwa dawa alizozikusanya na kuzichapisha katika kitabu chake *Mules and Men* (1935), imo moja ya mtu aliyeshtakiwa. Majina ya mpinzani, ya mashahidi wake na ya wakili wake huandikwa kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo hulazwa kati ya matofali mawili mazima, la juu likikingama juu ya la chini. Siku ya kesi, juu ya matofali huwekwa beseni lenye barafu, ili wale jamaa wagande, wasiweze kufungua kinywa.

Hapo hakuna mzizi, mfupa wala kuku. Kazi yote inafanywa na majina yaliyoandikwa.

Uganga huu ndio huduu, mkusanyiko wa dawa na kafara ulioota miongoni mwa watu weusi wa kusini mwa Marekani tangu enzi za utumwa. Watu huuchanganya na vuduu ya Haiti, lakini vuduu ni dini yenye makuhani na ibada zake. Huduu haina kanisa. Wateja wake wengi, na waganga wengi pia, walikuwa Wakristo waliokaa kwenye mabenchi ya Kibaptisti kila Jumapili na kuiamini Zaburi kama dawa. Mizizi na mifuko midogo ya kitambaa ndiyo iliyoandikwa sana na watu wa nje, pengine kwa sababu inapendeza kuitazama. Karatasi haikupata waandishi wengi, ingawa ndani ya mfuko huo huo mara nyingi ndiyo inayosema mfuko umetengenezwa kwa ajili ya nani.

Utaratibu wake wa kawaida ni huu. Mtu huchana kipande cha mfuko wa kaki, ule wa dukani, kwa mkono. Mkasi haufai, kingo zote nne ziwe za kuchanika. Anaandika jina la anayemkusudia mara tisa, mstari chini ya mstari. Wapo wanaoandika mara tatu au saba, ila tisa ndiyo hesabu inayorudi mara kwa mara. Kisha anaigeuza karatasi robo mzunguko na kuandika jina lake mwenyewe, au amri yake, juu ya lile la kwanza, hata maandishi yakingamane na majina yote mawili yawe vigumu kusomeka. Akitaka kuvuta kitu, mpenzi au kazi au fedha, anaikunja karatasi kuelekea kwake. Akitaka kufukuza, anaikunja kuelekea nje. Baada ya hapo ni mahali pa kuiweka. Ikitiwa kwenye sukari au asali, mwenye jina atalainika, awe bwana au bosi. Ikiwekwa ndani ya kiatu cha kushoto, mwenye jina anakanyagwa kutwa nzima. Ikikaa chini ya mshumaa, ombi linaungua pamoja na utambi.

Hurston mwenyewe aliandika maombi kama hayo. Mmoja wa walimu wake, anayemwita Luke Turner, alidai kuwa mpwa wa Marie Laveau, malkia wa waganga wa New Orleans aliyefariki mwaka 1881. Siku ya kumwingiza Hurston katika kazi hiyo, kondoo alichinjwa usiku na karatasi za maombi zikasukumwa kooni mwake, ili ayalilie mbele ya Mkuu.

Karatasi ilipataje nguvu hiyo? Mwandishi wa pwani yetu ana haraka ya kujibu, maana ameona hirizi tangu utotoni, na huenda amekunywa kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Haraka hiyo ina msingi. Mwaka 1796 Mskoti Mungo Park, akirudi kwa kuufuata mto Niger hana kitu mkononi, alipata mwenyeji mmoja Mbambara huko Koulikoro aliyemwahidi chakula cha wali endapo angemwandikia kinga dhidi ya watu waovu. Aliletewa ubao, akaujaza maandishi juu hadi chini, pande zote mbili. Mwenyeji akaoshea maandishi yale ndani ya kibuyu, akasoma dua, akanywa maji yote, kisha akaulamba ubao mpaka ukakauka. Mwandishi alikuwa Mkristo na mnywaji alikuwa Mwislamu. Kombe lilinyweka vilevile.

Kutoka ukanda huo huo wa Afrika Magharibi watu walipakiwa merikebuni, na maarifa ya karatasi yalisafiri nao. Mwaka 1730 na 1731 mahakama ya dini ya Lisbon ilimhukumu José Francisco Pereira, mtumwa aliyetokea pwani ya Afrika Magharibi na kupitia Brazil, kwa kutengeneza vifuko vya kinga vyenye karatasi za maandishi na michoro. Januari 1835 Waislamu wa Kiafrika, watumwa na walioachwa huru, waliasi Salvador, Bahia. Maaskari walikuta hirizi za Kiarabu kwenye miili ya waliouawa. Marekani nako hapakukosekana wenye kalamu. Bilali Muhammad wa kisiwa cha Sapelo, Georgia, aliacha maandiko ya Kiarabu ya fikihi ya Kimaliki. Omar ibn Said, aliyezaliwa Futa Toro na kufa mtumwa North Carolina, aliandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831.

Hata hivyo, mnyororo kutoka hirizi ya Futa hadi mfuko wa kaki wa Louisiana una pete zilizopotea. Karatasi huoza na mtumwa hakuwa na sanduku la kuitunzia. Anayesema huduu ilirithi karatasi yake kwa Waislamu anasema jambo linalowezekana kabisa, na bado hajathibitisha.

Iko sababu nyingine, nayo ilikuwa mbele ya macho ya kila mtumwa. Maisha yake yaliendeshwa kwa karatasi. Aliuzwa kwa hati, akarithiwa kwa wosia, na hakuweza kutoka shambani bila cheti cha bwana wake. Wazee wa Kenya waliofungiwa kipande cha mkoloni shingoni wangeielewa hali hiyo bila kufasiriwa. Kuandika kwenyewe kulifungwa kwa sheria. Baada ya maasi ya watumwa ya Stono ya 1739, South Carolina ilipitisha sheria ya 1740 iliyomtoza pauni 100 yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Kusoma hakukutajwa humo. Watunga sheria walijua hasa wanachokiogopa: mtumwa mwenye kalamu anaweza kujiandikia ruhusa.

Frederick Douglass alifanya hivyo hivyo. Mwaka 1834, akiwa mtumwa kijana wa Maryland aliyechoshwa na viboko vya mkulima Edward Covey, alipewa mzizi na mtumwa mwenzake Sandy Jenkins, akaambiwa auweke upande wa kulia na hakuna mzungu atakayemchapa. Aliubeba kwa mashaka, akapigana na Covey, na hakuchapwa tena. Miaka miwili baadaye, wakati wa Pasaka, alipanga kutoroka na wenzake na kuwaandikia vyeti vya uongo kwa jina la bwana mmoja. Njama ikavuja. Douglass aliwahi kukitupa cheti chake motoni. Njiani, wakiwa wamefungwa kamba, mwenzake Henry aliuliza afanye nini na chake. Akajibiwa akile pamoja na mkate wake. Mzizi na karatasi vilikaa kwa mtu mmoja.

Mkondo wa tatu ni wa Ulaya, na wapenzi wa asili safi hawaupendi. John George Hohman, mhamiaji wa Kijerumani huko Pennsylvania, alichapisha mwaka 1820 kitabu cha tiba na makafara kinachomwahidi anayekibeba kwamba hatazama majini, hataungua motoni, wala hatapitishiwa hukumu ya dhuluma. Kitabu kizima ni hirizi! Ndani yake imo miraba ya SATOR, maneno matano ya Kilatini yanayosomeka mbele na nyuma, ambayo yalikwisha kuchorwa kwenye kuta za Pompeii kabla volkano haijaufukia mji ule mwaka 79. Kitabu cha siri za Zaburi cha Godfrey Selig, cha mwaka 1788 na chenye mizizi ya Kiyahudi, kinamwagiza mzazi anayefiwa na watoto aandike Zaburi ya 126 mara nne pamoja na majina ya malaika, kisha aitie katika kuta nne za nyumba. Vitabu hivi, pamoja na mihuri ya Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa, vilitafsiriwa Kiingereza na kuwafikia waganga weusi kwa posta. L. W. de Laurence wa Chicago alijipatia jina kwa biashara hiyo. Vitabu vyake vilifika Jamaika, vikapigwa marufuku huko, na vilisomwa hadi Afrika Magharibi.

Wauzaji walileta pia wino wa damu ya njiwa, ambao hauna njiwa hata mmoja ndani yake, na karatasi za ngozi zilizochapwa mihuri tayari. Ni bidhaa nzuri kwa duka. Ila aliyenunua muhuri uliochapwa alikosa sehemu ya kazi iliyokuwa yake: kuchana, kuhesabu hadi tisa, kulikingamisha jina la bosi kwa jina lake.

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote ni wa Harry Middleton Hyatt, kasisi wa Kianglikana aliyewahoji watu wapatao 1,600 kati ya 1936 na 1940, wengi wao kwa kinasa sauti, na kuchapisha juzuu 5 kati ya 1970 na 1978. Ni ghala lisilopangwa vizuri: dawa moja inarudiwa kwa sauti ishirini, na lahaja imeandikwa kwa tahajia inayomchosha msomaji. Ajaye kwenye somo hili mara ya kwanza na aanze na Hurston, kisha ndipo amwendee Hyatt kuhakikisha kwamba karatasi kati ya matofali haikuwa siri ya mganga mmoja wa New Orleans.